Maswali ya Wasomaji: Filamu Inapojitania Yenyewe

Toleo lililopita safu hii iligusia filamu za katuni ambazo, badala ya kuendeleza hadithi iliyotangulia, hurudi nyuma na kuitania. Barua zilizofuata karibu zote zilihusu filamu moja, nami sikushangaa. Ni The Lion King 1½ ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Bradley Raymond, ambamo Timon, nguchiro mwenye maneno mengi, na Pumbaa, ngiri rafiki yake, wanaketi gizani kuitazama The Lion King ya mwaka 1994, wanaisimamisha kwa rimoti kila wapendapo, na kutueleza wao walikuwa wapi wakati mambo makubwa yalipokuwa yakitokea. Nimechagua barua sita. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali nayo hayalingani kwa uzito.

SWALI: Ndugu mhariri wa safu, watoto wangu waliijua The Lion King kwa moyo kabla hawajajua kusoma. Juzi tuliitazama pamoja ile ya mwaka 2004. Tulipofika pale wanyama wote wanapomwinamia mwana wa mfalme, kumbe sababu ya kuinama ni hewa chafu iliyomtoka Pumbaa katikati ya umati. Watoto walicheka hadi wakalala chini, lakini mimi niliumia. Tukio lile nililiheshimu kwa miaka mingi. Je, huku si kuivunjia heshima kazi iliyotutoa machozi? (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Mama, nakuelewa, na sitakuambia kwamba hukupaswa kuumia. Mwanzo wa filamu ya 1994 ni miongoni mwa mianzo mizuri zaidi niliyowahi kuiona katika katuni: jua linachomoza, wanyama wanatoka pande zote, wimbo mmoja unabeba kila kitu kwa takriban dakika nne, na hakuna mhusika hata mmoja anayezungumza. Watengenezaji wenyewe waliuona una nguvu kiasi kwamba waliuonyesha wote, bila kuukata, kuwa tangazo la filamu kabla haijatoka. Mtu aliyeupenda mwanzo huo ana haki ya kushtuka anapoambiwa kwamba wanyama wa karibu walianguka kwa harufu, na wale wa mbali, wakidhani wenzao wanatoa heshima, nao wakainama.

Hata hivyo, naomba tutenganishe maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenganisha tangu zamani, yaani kejeli na utani. Kejeli hutoka kwa mtu anayekutazama kutoka juu, ambaye angefurahi ukidhalilika. Mtani ni mtu wa karibu, na maneno yake, kama yangetoka kinywani mwa mgeni, yangekuwa matusi. Yakitoka kwake yanakuwa dalili kwamba anakufahamu hadi uvunguni. Swali la kuiuliza filamu ya namna hii, basi, si kama imecheka, maana hiyo ndiyo kazi iliyoijia. Swali ni kama imecheka kwa ukaribu au kwa dharau, na jibu hupatikana ukiangalia mambo iliyoyachagua kuyachekea na yale iliyoyaacha.

Tazama inachokichekea. Ni hafla ya kumtambulisha mrithi, mnara wa wanyama katika ule wimbo wa Simba, mwana wa mfalme, akiwa mdogo mwenye hamu ya kutawala, gwaride la fisi mbele ya Scar, ami yake anayekitamani kiti, na usiku wa mapenzi kati ya Simba na Nala, rafiki yake wa utotoni, ambao Timon na Pumbaa wanahangaika kuuharibu. Vyote hivi ni vitu vya fahari, vyenye muziki mkubwa, mwanga uliopangwa na wahusika waliosimama mahali palipopimwa. Sasa tazama ilichokiacha. Nyumbu wanapofurika korongoni, sisi tunabaki na ngiri na nguchiro wanaokimbia kuokoa roho zao, wanatumbukia mtoni na kuporomoka na maji. Palepale, mita chache tu kutoka walipokuwa, Mufasa, mfalme na baba wa Simba, anakufa. Filamu haiendi huko. Haimwonyeshi akianguka, wala haimwonyeshi mtoto akijilaza chini ya mkono wa baba yake. Waandishi walikuwa na rimoti mkononi, wangeweza kusimamisha picha popote walipotaka, na hapo hawakuisimamisha.

Kwangu mimi huo ndio ushahidi. Filamu hii inaitania fahari na haiutanii msiba, na aliyejua kuutenga mpaka huo ni mtu aliyelia kama ulivyolia wewe. Nakushauri uirudie ile ya kwanza pamoja na watoto. Utaona kwamba machozi bado yapo palepale, na kwamba kicheko chao kilitokana na kuijua hadithi barabara, kwa kuwa mtoto asiyewahi kuliona tukio la asili angeona tu wanyama wanaanguka, asijue kwa nini watu wanacheka.

SWALI: Nina nakala mbili za filamu hii. Moja imeandikwa 1½, nyingine imeandikwa 3. Je, ni filamu mbili? Na inafaa nianze na ipi? (Mkusanyaji wa filamu)

JIBU: Ni filamu moja. Katika Amerika Kaskazini iliuzwa kwa jina la The Lion King 1½, na katika nchi nyingine nyingi ikaitwa The Lion King 3: Hakuna Matata. Namba 3 inatokana na mpangilio wa kutengenezwa, kwa sababu mwaka 1998 ilikwisha kutoka ya pili, inayomhusu Kiara, binti wa Simba. Namba moja na nusu inatokana na mahali pa hadithi, kwa kuwa matukio yake yamo tumboni mwa filamu ya kwanza. Mimi naipenda zaidi ile nusu, maana yenyewe ni utani juu ya desturi ya kuhesabu miendelezo.

Anza na ya 1994. Pasipo hiyo, nusu ya vichekesho itakupita. Ya 1998 unaweza kuitazama wakati wowote.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza. Mwendelezo huu, kama ule wa 1998, ulitengenezwa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, haukulengwa kwa majumba ya sinema. Kuna watu wanaolisema hilo kama aibu. Mimi naliona kuwa ndilo lililoupa umbo lake, kwa sababu kwenye ukumbi wa sinema hakuna mtazamaji anayeweza kusimamisha picha, kuirudisha nyuma au kuruka sehemu asiyoipenda, ilhali nyumbani kila mtu ana uwezo huo. Timon anataka kuruka moja kwa moja hadi pale wao wawili wanapoingia. Pumbaa anasema hadithi huanzia mwanzoni. Ugomvi huo umetokea katika kila sebule yenye rimoti moja na watu wawili. Filamu imekitania chombo kilekile kinachotumika kuitazama, na isingeweza kufanya hivyo kwa ufasaha huo kama ingetengenezwa kwa ukumbi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa filamu. Nataka kuandika mwendelezo wa kuchekesha wa kazi niliyoiandika mwenyewe mwaka jana, ambayo ilikuwa ya huzuni. Mwalimu wangu anasema huo ni mtindo wa kisasa usio na mizizi. Je, ni kweli? Na kama si kweli, inafanywaje vizuri? (Mwandishi chipukizi)

JIBU: Mwalimu wako aheshimiwe, lakini katika hili historia haiko upande wake. Miguel de Cervantes alichapisha sehemu ya kwanza ya Don Quijote mwaka 1605 na sehemu ya pili mwaka 1615, na katika hiyo ya pili wahusika wanakutana na watu waliokwisha kuisoma ile ya kwanza. Wanajadili makosa yake. Punda wa Sancho aliibwa, kisha akaonekana amepandwa tena bila maelezo ya kutosha, na Sancho anaulizwa ana kwa ana imekuwaje. Hiyo ni kazi inayojitania yenyewe, na ina zaidi ya miaka 400.

Mfano ulio karibu zaidi na filamu tunayoizungumzia ni tamthilia ya Tom Stoppard iliyoonyeshwa mara ya kwanza Edinburgh mwaka 1966, Rosencrantz and Guildenstern Are Dead. Stoppard aliwachukua watu wawili wadogo kutoka Hamlet ya Shakespeare, akawaweka katikati ya jukwaa, na mambo ya wakubwa yakawa yanapita pembeni kama upepo. Kumbuka kwamba The Lion King yenyewe ina mifupa ya Hamlet: mfalme aliyeuawa na nduguye, mwana wa mfalme aliye mbali na wajibu wake, na baba aliyekufa anayerudi kusema naye. Kwa hiyo, kuwachukua Timon na Pumbaa na kuwafanyia kile walichofanyiwa wale wawili wa Hamlet ni kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa, na kuifuata kwa akili.

Sasa tuje kwenye ufundi, ambao ndio unaoutaka.

Tafuta mapengo katika kazi yako ya kwanza. Filamu ya 1994 ina dakika 88, na Timon na Pumbaa wanaingia karibu na katikati. Maana yake ni kwamba kuna takriban nusu ya filamu ambayo mtazamaji hajawahi kujiuliza wao wako wapi. Waandishi wa mwendelezo hawakuhitaji kuzua vita mpya wala adui mpya. Waliwatembeza wawili hao ukingoni mwa kila tukio kubwa, wakitafuta mahali pa kuishi, na kila wanapodhani wamepapata, historia ya wafalme inawaangukia. Wanapiga kambi, wimbo wa Simba mdogo unaanza juu yao. Wanahama, wanajikuta kwenye makaburi ya tembo. Wanahama tena, fisi wanapita kwa gwaride. Ucheshi wote unatokana na ukweli mmoja mchungu, kwamba walio wadogo hawaachiwi nafasi ya kukaa kwa amani wakati wakubwa wanagombania kiti.

Pili, chagua tukio ambalo asili haikutoa sababu yake, kisha utoe sababu ndogo. Mnara wa wanyama katika wimbo ule unaporomoka mwishoni, na mwaka 1994 hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa kuwa wimbo ulikuwa umekwisha na ilifaa uishe kwa kishindo. Miaka 10 baadaye tunaambiwa kwamba ni Timon aliyechoshwa na kelele. Sababu inapaswa kuwa ndogo kuliko tukio. Ukitoa sababu kubwa, unakuwa umeandika hadithi nyingine.

Lakini mahali ninapokuomba usimame na kutazama mara tatu ni pale Simba anapokua. Katika asili, mtoto wa simba anatembea juu ya gogo pamoja na marafiki zake wawili, wimbo unaendelea, na kabla hajafika upande wa pili amekwisha kuwa dume lenye manyoya shingoni. Ni sekunde chache. Ni ufupisho mzuri, na watazamaji wote tuliukubali. Mwendelezo unazifungua sekunde hizo na kutuuliza: miaka hiyo yote, nani alikuwa anaamka usiku? Tunawaona nguchiro na ngiri, mabachela wawili walioapa kutobeba mzigo wa mtu yeyote, wakiamshwa na mtoto mwenye kiu, mtoto aliyeota ndoto mbaya, mtoto asiyetaka kulala. Tunacheka, kisha katikati ya kicheko tunatambua kwamba wawili hawa ndio waliomlea mfalme, na kwamba filamu ya kwanza haikuwashukuru. Hapo utani umefanya kazi ambayo heshima haikuifanya. Kama mwendelezo wako utakuwa na tukio moja tu la namna hii, andika, na usimwogope mtu.

Jambo la mwisho kwako. Vichekesho pekee havibebi dakika 77, na waandishi hawa walilijua hilo, ndiyo maana wakampa Timon jeraha lake mwenyewe. Anatoka katika kundi linaloishi chini ya ardhi kwa kuwaogopa fisi, kundi ambalo kazi yake yote ni kuchimba, naye kila anachochimba kinaporomoka. Mama yake anamwombea zamu ya ulinzi, anaiharibu, na mjomba Max nusura aliwe. Anaondoka kwao akiwa na aibu. Tangu hapo kila kichekesho chake kina kitu chini yake.

Hata wimbo anaouimba kuhusu maisha anayoyatamani una historia ya aina hiyo. Elton John na Tim Rice walikuwa wameandika wimbo kwa ajili ya filamu ya kwanza, ukaondolewa. Mwendelezo ukauchukua muziki wake na kuupa maneno mapya. Nawe fungua daftari lako la mwaka jana uangalie ulichokikata. Huenda mwendelezo wako umelala humo.

SWALI: Naipenda filamu, lakini haiendani na asili. Fisi wanamgeukia Scar kwa sababu walimsikia akiwasingizia; sasa tunaambiwa walidondoka kupitia mahandaki yaliyochimbwa na mama wa Timon na mjomba wake. Isitoshe, ule mfululizo wa televisheni wa Timon na Pumbaa ulikwisha kutuonyesha maisha ya Timon ya zamani kwa namna nyingine. Tuamini lipi? (Msomaji anayependa mpangilio)

JIBU: Una jicho kali, na hoja yako kuhusu mfululizo wa televisheni, ulioonyeshwa kati ya 1995 na 1999, ni ya kweli. Mwendelezo huu uliuweka kando bila hata kuaga. Sioni kosa kubwa hapo, kwa kuwa mfululizo ule haukuwahi kudai kwamba unatunza kumbukumbu.

Kuhusu fisi, tuangalie kwa makini. Katika mwendelezo, Simba anapambana na Scar juu, na huku chini Timon na Pumbaa wanawapotezea fisi muda, Timon akifika hadi kumchumbia Shenzi, fisi jike, ili mama na mjomba Max wamalize kuchimba. Ardhi inafunguka, fisi wanateremka, nao wanaishia pale Scar anapoangukia. Mwisho wa Scar haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni njia tu. Naona hiyo ndiyo kanuni waliyojiwekea tangu tukio la kwanza hadi la mwisho: kugusa sababu na kuyaacha matokeo kama yalivyokuwa. Wanyama bado waliinama, mnara bado uliporomoka, Simba bado alirudi.

Usisahau pia ni nani anayesimulia. Ni mashahidi wawili walioketi gizani, mmoja wao anajulikana kwa kujisifu, na rimoti imo mikononi mwake. Sitarajii aniambie kwamba vita vilishindwa na watu wengine.

Nakubaliana nawe katika jambo moja. Vita vya mahandaki vina haraka mno. Tumengoja filamu nzima kuona kundi la Timon likimpokea tena, na kundi hilo ambalo limechimba kwa woga maisha yake yote sasa linachimba kwa ujasiri. Wazo hilo ni zuri na lilistahili nafasi kubwa zaidi, lakini limebanwa kati ya vichekesho viwili na mlipuko wa muziki. Ningetoa dakika mbili za mashindano ya kula konokono niwape mama na mjomba Max.

SWALI: Nimefundisha Kiswahili kwa muda mrefu. Sifurahii kuona maneno yetu yakiwa mapambo katika filamu hizi. Pumbaa limetokana na kupumbaa, akapewa mnyama mjinga; Shenzi, neno lililotumika kuwadhalilisha watu, akapewa fisi. Mwendelezo huu wa kuchekesha ulirekebisha lolote, au uliongeza tu kicheko juu yetu? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Kuhusu Shenzi sina utetezi. Ni neno lenye kovu, na aliyelichagua mwaka 1994 ama hakulijua kovu hilo ama hakulijali. Mwendelezo uliliacha kama lilivyo.

Kuhusu Pumbaa, nakuomba uitazame tena filamu ya 2004 ukiwa na jina lake akilini, kwa sababu sisi tunaojua maana ya jina hilo tunaona kitu ambacho mtazamaji asiyekijua Kiswahili hakioni. Ni nani anayesema kwamba hadithi lazima ianzie mwanzoni, la sivyo watu hawataielewa? Ni aliyeitwa aliyepumbaa. Simba anapoondoka kwenda kuirudisha nchi yake, Timon anabaki na kinyongo, akijishawishi kwamba hana haja na mtu. Anayeinuka na kumfuata rafiki yake hatarini ni Pumbaa. Na mwanzoni kabisa mwa urafiki wao, Timon anajifanya hahitaji mwenzi ilhali Pumbaa anasema waziwazi kwamba yu peke yake. Katika kila njia panda, mwenye akili ya kuona linalofaa ni yeye. Filamu ya kwanza ilimpa jina, na hii ya 2004, katika kutania, ikamvua jina hilo kimyakimya huku ikiendelea kumwita kwalo.

Kuna na lile neno hakuna matata. Mwaka 1994 lilikuwa la Timon na Pumbaa, nalo lilimaanisha kuishi bila kujali. Katika mwendelezo tunaonyeshwa kwamba Timon alilipokea kutoka kwa Rafiki, yule nyani mzee mwenye busara, pamoja na ushauri wa kutazama mbali kuliko anachokiona. Timon anauchukua ushauri huo kama maelekezo ya barabara, anaukodolea macho mwamba wa mfalme na kuanza safari kuelekea huko, na kicheko kinatokea hapo. Ila filamu nzima baada ya hapo ni safari ya nguchiro anayegundua, hatua kwa hatua, kwamba mahali pasipo na matata hapana thamani kama hakuna wa kukaa naye. Anapata bonde lenye kijani na chakula tele, kisha Simba anaondoka, Pumbaa anaondoka, naye anaketi peke yake katika raha yote aliyoitafuta. Neno limejibiwa na filamu iliyolibeba kwenye jalada lake. Sitasema kwamba hilo linafuta malalamiko yako, Mwalimu. Nasema tu kwamba safari hii neno letu lilipewa mzigo wa kubeba, halikuachwa liwe pambo.

SWALI: Nina miaka 12. Mwishoni mwa filamu wanakuja vivuli vingi sana kukaa na Timon na Pumbaa. Ni akina nani, na kwa nini wanataka kuitazama tena wakati imekwisha? (Msomaji mdogo)

JIBU: Swali lako ni zuri, na nimeliweka mwisho kwa makusudi. Wa kwanza ni watu wao wa nyumbani: mama yake Timon, ambaye anasema aliikosa filamu, mjomba Max, Simba na Rafiki. Baada yao wanafuata wahusika wa filamu nyingine za kampuni hiyohiyo, Disney, wakiwamo Mickey Mouse na Donald Duck, hadi viti vinajaa. Tunawatambua kwa maumbo ya vivuli vyao tu, na ukitaka, simamisha picha uwahesabu pamoja na wenzako.

Kwa nini wanaitazama tena? Kwa sababu ileile inayokufanya wewe umwombe mtu akusimulie tena hadithi unayoijua. Ukiijua, unaweza kucheka kabla ya kichekesho kufika, na unaweza kuwatazama wale waliosimama pembeni ambao mara ya kwanza hukuwaona. Timon, ambaye mwanzoni alitaka waruke hadi sehemu yao, sasa amezungukwa na watu wote wanaotaka ianze tangu mwanzo kabisa.

Halafu sikiliza vizuri wakati picha inapotaka kuanza. Pumbaa anamkumbusha rafiki yake kwamba bado hajisikii vyema akiwa kwenye umati. Wewe ulikuwepo siku ile chini ya mwamba wa mfalme, kwa hiyo unajua anamaanisha nini.